Ufundi wa Kumwaga Oili

Seremala akimaliza kazi huacha kiti, mshonaji huacha kanzu, mwashi huacha ukuta. Aliyemwaga oili ya gari lake nyumbani Jumapili asubuhi hana cha kumwonyesha jirani, isipokuwa beseni lenye oili nyeusi na kucha zinazotaka kusuguliwa. Gari linawaka kama lilivyowaka jana. Haliendi kasi zaidi wala halipendezi zaidi, na abiria wa kiti cha nyuma hatajua kama kuna lililofanyika. Kazi ya namna hii haitungiwi mashairi. Mimi naisifu hata hivyo, kwa sababu sijaona njia nyepesi zaidi ya kumwingiza mtu asiyejua spana katika ufundi ambao wazee wetu waliuheshimu nasi tunaelekea kuusahau: ufundi wa kutunza.

Tunaambiwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Ni kweli, lakini methali hiyo humkuta mtu amekwisha kuchelewa. Ufa upo, unaonekana, na aibu ya wageni inatosha kumfanya mwenye nyumba atafute saruji. Oili hubadilishwa wakati hakuna ufa wowote. Injini inanguruma sawasawa, taa za dashibodi zimezimika, safari ya juzi ilikwenda salama. Anayejilaza chini ya gari zima anaziba ufa ambao haujazaliwa, na malipo yake ni kwamba hautazaliwa.

Watu wa pwani waliijua kazi hiyo muda mrefu kabla gari halijashushwa bandarini. Jahazi lilipandishwa ufukoni, likakwanguliwa chaza na mwani, nafasi kati ya mbao zikatiwa kalafati ya pamba iliyoloweshwa mafuta. Mbao za nje zikapakwa sifa, mafuta ya maini ya papa yenye harufu isiyosahaulika, na sehemu inayokaa majini ikapakwa deheni ya shahamu na chokaa. Nahodha hakungoja maji yaingie ngamani ndipo ashughulike. Chombo kizima kilipakwa ili kiendelee kuwa kizima, na aliyefanya hivyo aliitwa fundi kwa haki ileile ya aliyekiunda.

Leo tuchukue chombo tunachokijua sote. Barabara za Dar es Salaam, Arusha, Mombasa na Nairobi zimejaa Toyota ndogo zilizokwisha kutumika Japani: Vitz, IST, Fielder, Probox. Nyingi kati ya hizo zina injini moja, 1NZ-FE, yenye silinda 4 na ujazo wa karibu lita 1.5. Fungua mlango wa dereva au inua boneti, na mara nyingi utakuta kibandiko kidogo cha Kijapani kilichopauka. Maandishi huyasomi, lakini tarakimu zinasomeka: tarehe oili ilipobadilishwa na kilomita zilizokuwa kwenye mita siku hiyo. Pengine mwaka wenyewe umeandikwa kwa hesabu ya enzi ya kaizari wao, hivyo 25 ya enzi ya Heisei ndiyo 2013 yetu. Mtu usiyemjua, katika mji usioujua, alikumbuka siku hiyo. Muuza magari wa kwetu husifia bidhaa yake kwa kusema injini haijaguswa. Kumbe imeguswa mara nyingi, na kwa wakati wake, ndiyo maana haikuhitaji kufunguliwa.

Kwa nini oili iwe na uzito huo? Ndani ya injini kuna mhimili ambao mafundi huuita kranki, na ndio unaozungushwa na pistoni. Mshale ukisoma mizunguko 3,000 kwa dakika, mhimili huo unazunguka mara 50 katika kila sekunde, umeshikwa na beringi zisizo na gololi, vipande laini tu vya chuma vilivyoukumbatia. Chuma kikavu kwa chuma kikavu katika mwendo huo vingeshikana na injini ingekwama. Havishikani kwa sababu havigusani.

Jambo hilo liligunduliwa kwa kizibo. Mwanzoni mwa miaka ya 1880 mhandisi Mwingereza Beauchamp Tower alikuwa akipima msuguano katika beringi za ekseli za reli. Alitoboa tundu sehemu ya juu ya beringi ili atilie mafuta. Mtambo ulipozunguka, mafuta yakapanda yenyewe na kutoka kwenye tundu. Akaliziba kwa kizibo, kizibo kikasukumwa nje. Akapigilia kipande cha mti, nacho kikatoka. Ndipo alipofunga kipimo cha shinikizo na kukuta kwamba mafuta yale yalikuwa yamebeba mzigo mzima. Ripoti yake ilitoka mwaka 1883, na mwaka 1886 Osborne Reynolds akaeleza kwa hesabu kilichotokea: mhimili unapozunguka huyavuta mafuta kwenye nafasi nyembamba, yakabanwa humo mpaka yakawa na nguvu ya kuunyanyua. Kwa hiyo kranki ya gari lako haikai juu ya chuma. Inaelea juu ya utando wa oili mwembamba kuliko unywele, na utando huo ndio unaoushughulikia ukiwa umelala chini na spana yako.

Oili ina kazi nyingine pia. Hubeba joto kutoka kwenye pistoni, huziba upenyo kati ya ringi na silinda, na huokota masizi na vumbi la chuma na kuvishikilia visigande kwenye kuta. Mwanafunzi wa kazi hii hushtuka akiona ilivyotoka nyeusi, akadhani ameuziwa oili mbovu. Weusi ule ni dalili kwamba ilikuwa ikisafisha. Tatizo ni kwamba uwezo wa kubeba uchafu una kikomo, dawa zilizochanganywa kiwandani huisha nguvu, na asidi zitokanazo na mwako huzidi kujikusanya. Hapo ndipo unapotakiwa uimwage na kutia nyingine.

Dukani, uwe Gerezani ya Dar es Salaam au Kirinyaga Road ya Nairobi, utakutana kwanza na namba. Kwa injini hii namba ya kawaida ni 5W-30, nawe utaambiwa na mwenye uzoefu kwamba hiyo ni nyepesi mno, kwamba nchi ya joto inataka nzito, uchukue 20W-50. Tulifikirie neno lake badala ya kulikubali au kulicheka. Namba ya pili, ile 30, inahusu uzito wa oili katika nyuzi 100 za Selsiasi, joto la injini inayofanya kazi. Joto hilo hudhibitiwa na mfumo wa kupoza, na halitofautiani sana kama gari liko Tanga au liko Sapporo kule Japani. Namba ya kwanza, iliyofuatwa na W, inahusu wepesi wa oili wakati wa baridi. Asubuhi ya Tanga haina barafu, lakini injini iliyolala usiku kucha ni baridi ukilinganisha na nyuzi 100, na oili nyepesi hupanda haraka kufika sehemu za juu ambazo usiku zimebaki na utando tu. Kitabu cha gari kinastahili kusikilizwa kabla ya muuzaji. Injini kuukuu inayokula oili ni shauri jingine, na hapo fundi anayeijua ndiye wa kuulizwa. Tazama pia herufi mbili za daraja kwenye kopo: kwa injini za petroli huanza na S, na ya pili huonyesha kizazi. SN ilianza mwaka 2010, SP mwaka 2020, na jipya linaweza kuchukua nafasi ya la zamani.

Sasa kazi yenyewe. Hatua zake ni chache na mtu makini atazijua kwa asubuhi moja. Kinachochukua muda kukijua ni kiasi, maana kila hatua ina kidogo mno na kingi mno, na ufundi wote uko katikati yake.

Anza na joto. Oili iliyopoa kabisa hutoka kwa uvivu na kuacha uchafu chini, na iliyotoka safari ndefu huunguza. Washa injini dakika chache, zima, subiri kidogo. Gari liwe mahali tambarare, breki ya mkono imevutwa, magurudumu ya nyuma yamewekewa mawe au vigingi. Linyanyue mbele kwa jeki, kisha uliweke juu ya stendi mbili za chuma. Hapa pekee hakuna habari ya kiasi: usiingie chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake, hata kama ni kwa kuchungulia tu. Kama huna stendi, kazi iahirishwe mpaka uzipate.

Legeza kifuniko cha oili juu ya injini ili hewa ipite. Chini ya sampo, bakuli la oili lililo chini ya injini, utaiona nati ya kumwagia, na kwa gari hizi huingia spana namba 14. Mgeni wa kazi hubabaika hapo, kwa kuwa amelala chali na kulia na kushoto kumegeuka. Jiulize nati ingefunguliwa upande gani kama ungekuwa unaitazama uso kwa uso, kisha vuta upande huo. Ikilegea, weka spana pembeni na umalizie kwa vidole, ukiisukuma juu unapoizungusha, halafu iondoe kwa mkupuo mmoja. Oili haitashuka wima. Mwanzo itaruka kwa mshazari, kisha mkondo utarudi nyuma taratibu kadiri inavyopungua, hivyo beseni nalo lisogezwe.

Baada ya hapo huna la kufanya isipokuwa kungoja, na kungoja huko naona ndiko kuzuri kuliko yote katika asubuhi hiyo. Mkondo unakuwa uzi, uzi unakuwa matone. Umelala chini ya kitu ulichokilipia fedha nyingi na ambacho siku zote umekitazama kutoka juu, na macho yanaanza kuzoea. Unauona mpira wa ekseli kama umechanika na kutapika grisi. Unaona kutu kwenye bomba la silensa, alama ya unyevu mahali palipopaswa kuwa pakavu, jiwe lililoacha kovu. Wenye gari wengi huuona upande huo wa gari lao siku limeharibika tu, na wanauona kupitia maneno ya mtu mwingine.

Filta hufuata. Ya zamani hufunguliwa kwa mkono au kwa mkanda wake, nayo imejaa, kwa hiyo iweke juu ya beseni. Kabla ya kufunga mpya, hakikisha pete ya mpira ya zamani haikubaki imenata kwenye injini, kwa kuwa pete mbili zikibebana hazizibi, na oili yote inaweza kumwagika barabarani kwa muda mfupi. Paka pete mpya oili kwa ncha ya kidole. Zungusha filta mpaka iguse, kisha ongeza robo tatu ya mzunguko kwa nguvu ya kiganja bila chombo chochote. Chujio hili lina historia yake: injini za mwanzo hazikuwa nalo, na lilianza kuuzwa Marekani katika miaka ya 1920 baada ya Ernest Sweetland kubuni lake mwaka 1923. Kabla ya hapo oili ilibadilishwa mara nyingi zaidi, kwa sababu uchafu ulizunguka nayo.

Nati ya sampo irudishwe na washa mpya. Ianze kwa vidole, ili meno yake yaingie sawasawa, na spana ije mwishoni. Ni hapa wengi wenye nguvu huharibu. Kiasi kinachotakiwa ni karibu nyutoni-mita 38, sawa na kuning'iniza karibu kilo 19 kwenye ncha ya spana ya sentimita 20. Wenye spana ya kupimia wataitumia. Wengine huzoeza mkono, kama mpishi wa pilau anavyozoeza wake kwa chumvi. Mkono hujifunza kuhisi mahali nati inapoacha kukubali na kuanza kukataa, na mtu mwenye adabu ya kazi huishia hapo. Anayeongeza kwa hofu ya kuvuja ndiye hula meno ya sampo, na uvujaji alioukimbia ndio anaoununua.

Injini hii, filta ikibadilishwa, huchukua karibu lita 3.7. Kopo ni la lita 4, na kishawishi cha kulimaliza ni kikubwa kwa mtu aliyelilipia. Lishushe gari kutoka kwenye stendi likae tambarare, tia lita tatu na nusu hivi, subiri ishuke, vuta kijiti cha kupimia, kifute, kirudishe, kivute tena. Alama ni mbili, na oili ikae kati yake, karibu na ile ya juu bila kuipita. Ikipungua, pampu itavuta hewa kwenye kona. Ikizidi, kranki itaikoroga mpaka itoe povu, na povu halibebi mhimili. Washa injini: taa ya oili izimike baada ya sekunde chache. Chungulia chini kama kuna tone. Zima, ngoja, pima tena. Kisha andika tarehe na kilomita, kwenye daftari au kwenye kibandiko kipya kando ya kile cha Kijapani.

Mtia mafuta hakuwahi kupewa kiti cha mbele. Katika reli za karne ya 19 kazi hiyo ilikuwa ya chini kabisa, ya kuzunguka na kopo treni inaposimama. Elijah McCoy alizaliwa Kanada mwaka 1844, mwana wa wazazi waliotoroka utumwa Kentucky. Alisomea uhandisi Edinburgh, akaenda na ujuzi wake Marekani, na kwa kuwa alikuwa mtu mweusi shirika la reli la Michigan Central likampa kazi ya kuchochea moto na kutia mafuta. Katika kazi hiyo aliona kile ambacho wahandisi wa ofisini hawakukiona: treni ilipoteza muda kwa kusimama kila mara ili ipakwe. Mwaka 1872 alipata hataza ya kifaa kinachodondosha mafuta chenyewe injini ikiwa kazini. Waliomdharau kwa kumpa kopo la mafuta walimweka, bila kujua, mahali pa kuuelewa mtambo kuliko wao.

Jirani atauliza, tena kwa haki: gereji iko mtaani, fundi anamaliza kazi hiyo ukinywa soda, ujira wake si mkubwa, kwa nini ujichafue? Nami sitamdanganya kwamba utatajirika kwa unachookoa. Fundi ataendelea kuhitajika kwa breki, kwa gia, kwa umeme, na mwenye gari aliyewahi kulala chini ya gari lake huwa mteja bora kwake. Anajua kueleza kinachosumbua. Hambishii bei ya kazi ngumu, kwa kuwa ameonja kazi nyepesi. Anajua pia kilichoingia kwenye injini yake, maana kopo alilinunua na kulifungua mwenyewe, na likiisha hulitoboa ili lisijazwe kitu kingine na kuuziwa mwenzake. Zaidi ya hayo, anapata kitu ambacho hakiuzwi gereji: kukijua chombo anachokitegemea kwa mikono yake, badala ya kukihofia.

Limebaki lile beseni. Kwetu oili chafu haikosi matumizi: hupakwa kwenye nguzo na mbao kuzuia mchwa, humwagwa uwanjani kutuliza vumbi, na ikizidi huishia mtaroni. Imebeba metali na sumu za mwako, haiozi upesi, na mvua ikinyesha hufuata maji kwenda kisimani na baharini. Mamlaka ya mazingira ya Marekani hukadiria kwamba oili ya gari moja, ikimwagwa ovyo, inaweza kuharibu maji safi galoni milioni moja, yaani karibu lita milioni 3.8. Atakayetunza injini yake na kuchafua kisima cha mtaa hajatunza kitu.

Basi, ndugu msomaji, gari lako likikaribia kilomita zake za kubadilisha oili, usikimbilie kulipeleka gereji. Soma kitabu chake, nunua oili inayotajwa humo, filta na washa mpya, azima stendi, na mwombe anayejua asimame kando yako mara ya kwanza. Mwite na mtoto mkubwa wa nyumbani, wa kike au wa kiume, ashike taa na aone. Ukimaliza, mimina oili chafu kwenye dumu lenye kifuniko, ulipeleke kwenye gereji au kituo kinachoikusanya. Mpaka dumu hilo lifike huko, kazi haijaisha.